KOCHA MPYA TENA? KADI YA KLINIKI IKO WAPI?

SEHEMU YA 1

Mama zangu, dada zangu, na nyie kina baba mnaonisoma kimya kimya kwenye simu za wake zenu.

Leo naomba ruhusa niache kidogo chanjo, degedege na uji wa lishe. Leo nazungumzia mpira. Najua kuna watakaosema "na sista naye kaanza". Ndiyo, nimeanza, na ziko sehemu nane, kwa hiyo mwenye mboga jikoni apunguze moto kwanza.

Sababu ni hii. Tarehe 23 Novemba 2025 Simba kafungwa 1-0 na Petro de Luanda, tena hapa hapa kwa Mkapa. Wiki moja mbele kafungwa 2-1 na Stade Malien kule Bamako. Dimitar Pantev, yule aliyeletwa kwa cheo cha Meneja Mkuu, kaondoka. Tangu hapo kila nyumba imekuwa kijiwe. Aje nani? Nani aachwe dirisha dogo? Nani asajiliwe? Ukipita Msimbazi ni hayo, Mtaa wa Kongo ni hayo, Gerezani ni hayo, ndani ya mwendokasi ni hayo. Hata kwenye benchi la kliniki, mama kambeba mtoto wa wiki sita, anabishana na mwenzake habari za namba tisa.

Mie nasema mjadala huu tunauendesha vibaya. Tunagombania jina la kocha, na jina la kocha siyo ugonjwa wenyewe. Na wanaoumia kuliko wote ni watoto wetu, ndiyo maana naleta kwenu akina mama. Twende taratibu.

SEHEMU YA 2

Tuhesabu kwanza, maana mpira una kelele nyingi, wenye kuhesabu wachache.

Oktoba 2021 Simba waliachana na Didier Gomes. Akaja Pablo Franco kutoka Hispania, Mei 2022 hayupo. Akaja Zoran Maki kutoka Serbia, miezi mitatu hakuifikisha, Septemba hiyo hiyo keshaaga. Juma Mgunda akaishikilia timu. Januari 2023 akaja Robertinho wa Brazili. Tarehe 5 Novemba 2023 akapigwa 5-1 na Yanga, siku chache baadaye kafungashiwa virago. Akaja Abdelhak Benchikha wa Algeria, Aprili 2024 kaondoka. Mgunda tena akashikilia. Julai 2024 akaja Fadlu Davids wa Afrika Kusini, Septemba 2025 huyo Raja Casablanca. Hemed Morocco akashikilia kidogo. Oktoba akaja Pantev, Desemba haijatulia na yeye kaondoka.

Waache pembeni walioshikilia tu. Pablo, Zoran, Robertinho, Benchikha, Fadlu, Pantev. Sita, ndani ya miaka minne na kidogo.

Mama mwenye mtoto aliyezaliwa Oktoba 2021, Pantev alipoondoka mtoto wako alikuwa na miaka minne. Alikuwa bado wa kliniki, bado hajafika darasa la kwanza. Umri wake wote huo mdogo umekula makocha sita, na anayefuata ni wa saba.

Msiniambie wote walifukuzwa, siyo kweli. Wapo waliofukuzwa na wapo waliojiondokea wenyewe, kama Fadlu. Lakini kwangu mie nesi, mgonjwa aliyelala kitandani matokeo yake ni yale yale: daktari kabadilika kabla dawa haijafanya kazi. Halafu wodi ambayo madaktari hawakai, siku moja lazima mtu aulize kuna nini ndani ya wodi hiyo.

SEHEMU YA 3

Sasa niwaambie kwa nini nazungumzia kadi ya kliniki.

Mama akija na mtoto, mie si lazima niwe namjua. Namwomba kadi. Nikiifungua naona kila kitu: mwezi uliopita alikuwa na kilo ngapi, mstari unapanda au umelala, chanjo ipi kapata na ipi bado. Nesi aliyempima mara ya mwisho yuko likizo? Hakuna shida. Mie nikihamishiwa Tandahimba kesho? Hakuna shida. Atakayenipokea ataendelea pale nilipoishia. Manesi tunabadilika, mtoto hapotezi kitu.

Tatizo ni mama aliyepoteza kadi. "Mwanao alichomwa ya surua?" "Nadhani, kuna moja walimchoma mguuni." "Alizaliwa na kilo ngapi?" "Alikuwa mnene mnene tu." Hapo hata ukimletea bingwa wa watoto kutoka popote duniani, ataanza kubahatisha.

Timu nayo ina kadi yake. Kwenye kadi hiyo kuna aina ya mpira inaotaka kucheza, kuna wachezaji saba au nane wa uti wa mgongo ambao hawaguswi ovyo, kuna vijana wanaopandishwa kila mwaka, na kuna mtu wa usajili anayebaki kazini hata kocha akiondoka. Kocha ni nesi wa zamu. Kadi ikiwepo, zamu zinakabidhiana.

Lawama yangu kwa Simba ni hii: kila nesi akiondoka, na kadi inachanwa. Anayekuja anaanza na karatasi nyeupe.

SEHEMU YA 4

Watani zangu wa Jangwani najua mnacheka, na najua mna hoja. Tena ndiyo hoja ngumu kuliko zote, siikimbii. Mnasema: "Sista, mbona sisi msimu wa 2024/25 tulianza na Gamondi, akaja Ramovic, tukamaliza na Hamdi, makocha watatu msimu mmoja, na ubingwa tukabeba? Kwa hiyo kubadilisha kocha kuna ubaya gani?"

Kweli tupu. Ila hebu turudi nyuma kidogo.

Mwaka 2020 Yanga ndiyo ilikuwa mgonjwa wa mtaa. Ubingwa ulikuwa Msimbazi kila mwaka. Julai Luc Eymael akafukuzwa kwa maneno ya kibaguzi juu ya mashabiki, na hapo walifanya sawasawa. Akaja Zlatko Krmpotic, hakumaliza hata miezi miwili. Akaja Cedric Kaze, Machi 2021 akaondolewa. Aprili akaja Nasreddine Nabi, na msimu ule ule Simba akachukua ubingwa wa nne mfululizo. Kwa akili ya kijiweni, Nabi naye alitakiwa aende.

Hawakumfukuza. Wakamwacha afanye kazi. Na Kaze waliyemwondoa wakamrudisha, akawa msaidizi wa Nabi. Yaani nesi wa zamu iliyopita aliitwa aje aeleze alichoandika kwenye kadi. Msimu wa 2021/22 wakawa mabingwa bila kufungwa hata mechi moja ya ligi, na mwendo ule ukafika mechi 49 mpaka Ihefu walipowasimamisha Novemba 2022. Mwaka 2023 wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya USM Alger. Nabi akaondoka mwaka huo huo, lakini Diarra alibaki golini, Job na Bacca wakabaki nyuma, Aucho akabaki katikati. Gamondi, Ramovic na Hamdi wote walikuta kadi mezani.

Kwa hiyo hoja yenu, watani, ni shahidi wangu. Mlibadilisha manesi bila kuchana kadi.

Ila na nyie msijisahau. Tangu Gamondi aondoke Novemba 2024 wamekuja Ramovic, Hamdi, Folz na Pedro Goncalves. Wanne, mwaka mmoja. Kadi ya Nabi haitawalisha milele. Yule mtoto mnene wa mwaka jana anaweza kuwa mgonjwa wa mwakani, na sisi wa Msimbazi tutakuja kumwona tukiwa na machungwa.

SEHEMU YA 5

Turudi kwa Mnyama. Kwani Simba haijawahi kuwa na kadi? Imewahi.

Mwaka 2017 waliwachukua Aishi Manula, Shomari Kapombe, Erasto Nyoni na John Bocco kutoka Azam kwa mpigo mmoja, na wakakaa nao. Vijana wetu wa hapa hapa. Makocha walibadilika hata kipindi kile, Aussems akaenda, Sven akaenda, lakini majina yale yalibaki kwenye kikosi. Ubingwa mara nne, 2017/18 hadi 2020/21.

Mwaka 2021 Chama akauzwa RS Berkane na Miquissone akauzwa Al Ahly, dirisha moja. Mfukoni iliingia hela, uwanjani lilibaki pengo. Tangu hapo kila kocha anakuja na watu wake, na anayefuata anawaacha na kuleta wake.

Halafu 2024 akaja Fadlu na kikosi kipya kabisa. Jamani, wengi wetu tulisema watoto hawa watazama. Hawakuzama. Walimaliza wa pili kwenye ligi na wakafika fainali ya Shirikisho Mei 2025. Berkane walitufunga 2-0 kwao, tukatoka 1-1 pale Amaan, Zanzibar. Kombe hatukulipata, lakini mara ya mwisho Simba kufika fainali ya Afrika ilikuwa 1993, walipofungwa na Stella Abidjan. Kuna mama wengi wanaonisoma hapa hawakuwa wamezaliwa. Huo ndio mstari kwenye kadi unapopanda!

Na sisi tulifanya nini? Tulikasirika kwamba Yanga kachukua ubingwa. Kelele zikawa kelele. Kiangazi hicho hicho Mohamed Hussein "Tshabalala", nahodha, aliyekuwepo Simba tangu 2014, akavuka kwenda Jangwani. Che Malone akaenda Algeria. Septemba kocha naye akaondoka. Mtoto ndiyo kwanza kaanza kuongeza uzito, sisi tukamwachisha maziwa.

Na tusiwasukumie viongozi peke yao. Kiongozi anatuogopa sisi. Anajua tukipiga kelele wiki mbili, dawa rahisi ya kutunyamazisha ni kumtoa kocha. Kichwa kinaacha kuuma siku tatu. Homa iko pale pale, kwa sababu ile ilikuwa panadol.

SEHEMU YA 6

Sasa hapa ndipo penye mtoto wako. Naomba usiruke sehemu hii.

Jiweke kwenye viatu vya kocha anayejua ana miezi miwili. Jumamosi ana mechi. Benchi ana kijana wa miaka 18, anakimbia, ana kipaji, lakini atakosea, kwa sababu kila anayejifunza anakosea. Pembeni ana mchezaji wa miaka 29 kutoka nje, kakomaa. Utampanga nani? Mie ningempanga wa nje, na wewe ungempanga wa nje. Ligi yetu inaruhusu klabu kusajili wageni mpaka 12. Kocha mwenye hofu anataka 12 wote. Simchukii mgeni hata mmoja, wengine nimewashangilia mpaka sauti ikakauka. Ninachosema ni kwamba kocha asiyepewa muda hawezi kumpa mtoto wako muda.

Mfano ninao, tena wa mtani. Clement Mzize alitoka timu ya vijana ya Yanga. Akapandishwa 2022 chini ya Nabi, kocha aliyekuwa na utulivu. Mwanzoni alikuwa anakosa magoli mpaka watu wanashika vichwa. Akaendelea kupangwa. Msimu wa 2024/25 akafunga magoli 14 kwenye ligi, na Novemba 2025 Shirikisho la Mpira Afrika likampa tuzo ya goli bora la mwaka. Wangemtupa baada ya kukosa magoli matatu, leo tungekuwa hatumjui.

Mbwana Samatta naye ni mtoto wa Mbagala. Alipita African Lyon, akapita Simba kidogo, 2011 akaenda TP Mazembe. Miaka yake ya kukomaa aliimalizia Lubumbashi, akatoka huko 2016 kwenda Genk na 2020 akaingia Aston Villa. Mtoto wetu, kakomazwa Kongo! Tunajivunia, sawa, lakini tujiulize kwa nini chungu kilikuwa chetu na moto ukawa wa jirani.

Mwenye binti naye asijione hayumo. Mwaka 2022 Simba Queens walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika ya wanawake kule Morocco. Katika mabishano yote ya wiki hizi mbili, umesikia mtu hata mmoja akiwataja? Mie sijasikia.

Jioni pita Kidongo Chekundu uone watoto wanavyocheza. Pita Jangwani kwenye vumbi. Wamevaa jezi za Mnyama na za Wananchi zilizonunuliwa kwa machinga, mgongoni jina la mtu waliyemwona kwenye runinga. Waulize wanataka kuwa nani. Halafu nenda kijiweni usikilize kama kuna mtu anawajadili wao.

SEHEMU YA 7

Nimeshaanza kupokea majibu, nayajibu kabla hayajawa mengi.

"Sista, shabiki analipa kiingilio, ana haki ya kukasirika." Anayo. Kasirika kabisa. Mama akimleta mtoto kapungua kilo mbili, na mie nakasirika. Lakini sichani kadi, naangalia kwenye kadi alianza kupungua lini na kwa nini.

"Kwa hiyo kocha mbovu aachwe tu?" Hapana. Kocha anayetukana watu aondoke siku hiyo hiyo. Kocha aliyeshindwa baada ya kupewa muda wa haki naye aende. Ninachopinga ni kumpima mtu kwa mizani isiyojulikana. Anaajiriwa hajaambiwa atapimwa kwa nini, halafu anafukuzwa kwa kelele za wiki.

"Simba ni timu kubwa, haina muda wa kujenga." Hii ndiyo inaniudhi kuliko zote. Tangu ubingwa wa mwisho wa 2020/21 mpaka leo, miaka minne imepita tukisema hatuna muda. Tungeanza kujenga 2021, saa hizi tungekuwa tunaezeka.

Na moja la nyumbani. Mtoto wa miaka saba anamwita mchezaji "takataka" mbele ya baba yake, baba anacheka. Mama, usicheke. Yule mchezaji naye kuna mwanamke alimzaa kwa uchungu. Na mtoto wako anajifunza hapo hapo kwamba akikosea, yeye naye ni takataka. Kesho kafeli hesabu, ataogopa kukuonyesha daftari. Ubishi wa Simba na Yanga ni utamu wa mji huu tangu miaka ya 1930, mtaniane mpaka mchoke. Matusi ni kitu kingine.

SEHEMU YA 8

Namalizia. Hasira peke yake haitufikishi popote, kwa hiyo nawapa maswali matatu. Yaulizeni sebuleni, kijiweni, popote:

Moja. Huyu kocha mpya kapewa muda gani, na atapimwa kwa kitu gani? Mie nasema misimu miwili, na mizani isemwe hadharani siku anatambulishwa.

Mbili. Ni wachezaji gani saba hawataguswa, kocha abaki au aondoke? Klabu ikishindwa kuwataja, basi haina kadi.

Tatu. Ni vijana wangapi wa timu ya vijana watapandishwa msimu huu, na watacheza dakika ngapi? Kupiga nao picha siku ya kusaini hakutoshi, nataka dakika za uwanjani.

Na hapa kuna silaha ambayo wengi mmeisahau ndani ya kabati. Katika mfumo mpya wa Simba, mwekezaji ana asilimia 49 na wanachama wana asilimia 51. Kama baba watoto ana kadi ya uanachama, hiyo kadi si ya kuonyesha marafiki. Mkutano mkuu ukiitishwa aende, asimame, aulize maswali haya matatu, na asikae mpaka ajibiwe. Na wewe mama kama huna kadi, kata yako. Asilimia 51 haikuandikwa ya wanaume.

Nyie wa Jangwani ulizeni hayo hayo kwenu. Zamu yenu ya kuugua mnaweza kuikwepa mkianza sasa.

Mtumie baba watoto uzi huu. Akikasirika, mwambie sista kasema akasirike, ila ajibu maswali kwanza. Mie Jumatatu narudi kwenye uji wa mtoto wa miezi sita, na wale mliokosa kuja kliniki mwezi uliopita nawakumbusha: mje, na mje na kadi.